Mashini ya Bel-Air Iliyokufa Kila Alhamisi

Ninyi mliobaki atelier, karakanani, mnaofungua sakoshi zenu za begani mlangoni huku mkiguna, haya ni yenu. Kiti changu cha mlangoni kimebaki bila mimi, lakini msidhani mlango umelala. Sitaandika nililipwa nini wala nilipandishwa lini, kwa sababu hayo hayajamfundisha mtu kukaza vis, yaani skrubu. Nitaandika juu ya kazi. Zaidi ya yote nitaandika juu ya mashini moja ndogo ya mtaa wa Bel-Air, iliyokuwa inakufa kila Alhamisi, mpaka ikakaribia kumfukuzisha fundi wetu Ilunga kazi na kumwachia jina la mwizi katika Katuba nzima. Wajukuu wangu wanakijua kisa hiki. Ninyi mnakijua kwa vipande, na vipande mlivyonavyo ni vya uongo.

Nilizaliwa Katuba, hapa Lubumbashi. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa na nyundo, kugonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima linaimba, gurudumu lililopasuka linakohoa. Nyumbani pia aligonga kila kitu: sufuria, mtungi, hata kichwa changu. Alikuwa akisema kitu kizima kina sauti, na kinachonyamaza ukiulize mara mbili. Shule niliishia mwaka wa sita wa msingi. Sikuwa mjinga. Nyuma yangu walikuwapo wadogo zangu wa kiume wa kusomeshwa, na mbele yangu lilikuwapo jiko. Kusoma nilijua, na kutokuamini nilikuwa nimekwisha kujifunza kwa baba.

Mume wangu alipokufa, Papa Donatien alinichukua. Alikuwa amefungua atelier ya kutengeneza ordinateur, yaani kompyuta, vyumba viwili nyuma ya duka la unga, na alitafuta mtu wa kufagia na kukaa mlangoni. Siku ya kwanza aliniambia hivi:

— Mama Vero, fagia chini, juu ya meza usiguse. Na kila muntu akitoka, angalia sakoshi yake. Hata miye.

— Hata weye, Papa?

— Hata miye. Ukiniacha miye leo, kesho utaacha ndugu yangu.

Alisema hivyo kwa sababu ya shaba. Ninyi ni watoto wa hapa, mnajua: kwetu shaba haikai peke yake, ukiigeuzia mgongo inaota miguu. Na ordinateur ina shaba tumboni kama samaki anavyokuwa na mayai. Basi jioni wakatoka wote, nikatazama. Papa Donatien akaja wa mwisho, na mimi nikaona aibu. Nilitazama juu juu, gazeti na chupa ya maji, nikamwambia apite. Akaenda mpaka barabarani, akasimama, akarudi. Akaingiza mkono chini kabisa ya sakoshi akatoa tournevis, bisibisi ya atelier yenye mshiko mwekundu.

— Umeniacha niibe, akasema. Hakucheka.

Tangu siku hiyo nilipapasa kila sakoshi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya kazi. Ya pili ilikuwa kwa ajili ya ile tournevis.

Kutoka kwenye ufagio hadi kwenye meza nilipelekwa na vumbi. Mnalijua vumbi letu jekundu la kiangazi, linaloingia hata ndani ya yai. Mafundi walikuwa wanapuliza mashini kwa mdomo, mate na vumbi vinageuka udongo. Mimi nilileta brashi ya viatu ya marehemu, ile laini ya kung'arishia, nikaanza kusafisha ventilateur, feni ya ndani, bila kuvunja bawa hata moja. Papa Donatien alinitazama siku kadhaa. Halafu akavuta kigoda, akanionyesha barrette ya mémoire, kijiti cha kumbukumbu, inakotolewa, disque ya kuhifadhia inakofungwa, na ile pâte nyeupe inayopakwa juu ya kichwa cha mashini ili joto lipite. Alinifundisha kwa kunizuia. Kila nilipotaka kugusa alisema ngoja, kwanza niambie unashuku nini. Ukikosa jibu, hugusi.

Na kushuku ndiyo kazi yenyewe. Mashini nyingi tulizozitumia zilikuwa zimetoka kwenye maofisi ya migodi, zimekwisha kuchoka, zinauzwa kwa fungu kama nyanya za jioni. Anayeziuza atakuambia zote ni nzima. Zinuseni kwanza. Mashini iliyoungua ina harufu ya nywele kwenye moto, na hakuna manukato yanayoiondoa. Angalieni vichwa vya vis: vikiwa vimekwaruzwa, mtu amekwisha kuingia ndani kabla yenu, na hakuingia kusali. Disque msiisome kwenye karatasi yake. Ijazeni mpaka mdomoni, kisha msome mlichoweka. Nimeona disque iliyoandikwa kubwa kama ghala, ndani ina nafasi ya kabati la jikoni. Mémoire ijaribiwe kutwa nzima, kwa kuwa ile mbovu ina tabia ya mlevi: asubuhi iko safi.

Wakati ule serveur, kompyuta inayohudumia nyingine, tulikuwa nayo moja, kubwa, imelazwa chini kama jeneza. Ilipoamka ilipiga kelele kama kinu cha kusagia mahindi, hata muuza unga wa mbele alikuja kuuliza kama tumeanza kumshindania kazi. Ilikunywa umeme bila haya. Na umeme wa kwetu ni kama shemeji, unakuja bila hodi na unaondoka bila kuaga, nawe huna la kumwambia. Lakini watu walianza kutaka serveur nyumbani: mwalimu anataka masomo ya wanafunzi wake, mwenye duka la dawa anataka hesabu zake, mwingine anataka kamera ya lango. Nani ataweka kinu sebuleni?

Ndipo Papa Donatien akaja na wazo la mashini ndogo kama kitabu cha misa, moja tu, inayobeba nyingine ndani yake. Nilimuuliza kama amekunywa.

— Mama Vero, uko na parcelle, kiwanja na nyumba zake?

— Niko nayo.

— Na balocataire, bapangaji?

— Batatu. Na bote banasema maji haitoshi.

— Basi. Mashini ya kweli njo parcelle. Zile za ndani njo balocataire. Kila mumoja iko na mulango yake, iko na ufunguo yake, anajizania eko peke yake. Mumoja akigonjwa, unamutosha inje, bengine banaendelea kulala.

— Na ule anamaliza maji ya bote?

— Unamupimia. Unamwambia ndoo yako ni hii, haipite hapa.

— Na kama lango ya parcelle inaanguka?

Akatazama mlango wa atelier.

— Pale bote banalala inje, akasema.

Nilielewa hapo hapo, na sijasikia maelezo mazuri zaidi ya machine virtuelle, hiyo mashini ndani ya mashini, mpaka leo, hata kwa wale wanaokuja na picha ukutani. Nilielewa pia mahali pa kushuku: lango.

Tuliitengeneza ya kwanza sisi watatu, yaani Papa Donatien, mimi, na Ilunga. Ilunga alikuwa fundi mwenyewe, mtu mzima, baba wa watoto wanne, mrefu, mwenye maneno machache kama mtu anayelipia kila neno. Tulichagua ordinateur ndogo ya ofisi iliyokuwa haili umeme mwingi. Tukatoa disque ya kuzunguka tukaweka ile isiyozunguka, kwa sababu kinachozunguka kinalia na kinakula. Tukatoa ventilateur. Hapo nilibisha. Ventilateur inavuta vumbi, sawa, lakini ukimtoa mtu pua utampa nini? Ilunga akaenda kwa fundi wa shaba, wale wanaogonga sahani za ukumbusho, akamgongesha bamba nene la shaba, laini kama kioo. Bamba lilikaa juu ya kichwa cha mashini, na juu ya bamba ukakaa mfuniko wa aluminiamu wenye mbavu. Pâte kidogo hapa, kidogo pale, kama punje ya mchele, si kama siagi kwenye mkate. Joto linapanda kwenye shaba, linaingia mfunikoni, linatoka hewani kupitia mbavu. Mashini nzima inapumua kwa ngozi ya mgongo. Ikaunganishwa na betri na paneli ya juani, na Ilunga alipopima, ilikuwa inakula kidogo kuliko balbu, ile ampoule ya zamani ya barazani kwangu.

Wakaiwasha. Nikaweka sikio kama baba. Hakuna kitu.

— Imekufa, nikasema.

— Inatumika, Mama Vero, Ilunga akajibu. Kimya njo uzuri yake.

— Hata mwizi anatumika kimya.

Walicheka. Mimi sikucheka. Ningekuwa na nyundo ningeigonga.

Ya pili ndiyo ilikwenda Bel-Air, kwa Mama Godelive. Alikuwa mjane wa mwalimu, mwenye nyumba yenye vigae na nondo madirishani. Wanafunzi wa mtaa walikuja kwake baada ya shule kusomea mitihani. Ndani ya mashini yake tuliweka wapangaji watatu: masomo ya wanafunzi, hesabu za duka la dawa la shemeji yake, na kamera ya lango. Ilikaa sebuleni, juu ya kabati, kwa kuwa chumba kile tu kilikuwa na kufuli ya kweli. Ilunga aliifunga, akamweleza mama yote: usiizime, usiimwagie maji, usiwaache watoto waichezee. Mwezi ukapita bila neno.

Halafu Ijumaa moja asubuhi Mama Godelive akapiga simu. Mashini imezima tangu jana. Ilunga akaenda, akaikuta baridi, akaiwasha, ikaamka, ikafanya kazi. Ijumaa ya pili, simu tena. Ijumaa ya tatu Papa Donatien hakungoja simu, alipiga mwenyewe, na ilikuwa imezima. Ilizima Alhamisi mchana tu. Jumatatu nzima, Jumatano nzima, inabeba wapangaji wake bila kulia. Wanafunzi wa Alhamisi jioni walikuta kioo cheusi, na wazazi walianza kuuliza. Mwenye duka la dawa alisema maneno ambayo siwezi kuandika, mimi ni mwanamke wa kanisa.

Mashini yenyewe ilikuwa imeacha neno kabla ya kufa, kama zote zinavyoacha. Neno lilikuwa moja: joto. Ilijizima yenyewe isiungue. Ilunga akaileta atelier, tukaitesa kwa kazi nzito kutoka asubuhi hadi jioni, mgongo wake ukawa vuguvugu tu. Sasa nanyi fikirini kama tulivyofikiri. Mashini inakufa kwa joto, na kinachoondoa joto ni shaba. Shaba ile ililetwa na Ilunga, ikawekwa na Ilunga. Na Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko ya Ilunga.

Papa Donatien aliiweka mashini mezani mbele yetu sote, mlango umefungwa.

— Ilunga, shaba iko wapi?

— Iko ndani, Papa. Fungueni, muone.

Tukafungua. Bamba lilikuwapo, nene, laini kama kioo.

— Umeirudisha, Papa Donatien akasema.

— Na kama isingekuwa ndani?

— Ningesema umeiiba.

Ilunga akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa, Papa, niiweke wapi, njo miye nisikuwe mwizi?

Ndivyo kushuku kulivyo, watoto wangu, kukishamkamata mtu hata ukweli wake unakuwa ushahidi. Papa Donatien hakuwa mtu mbaya. Lakini jina la atelier lilikuwa linavuja, na watu wengine watatu walikuwa wameagiza mashini kama ile, wanangoja kusikia ya Bel-Air.

— Irudishwe Bel-Air, akasema, tungoje Alhamisi inayokuja. Ikizima tena, Ilunga, hapa hakuna nafasi yako. Na nitasema kwa bantu bote ni juu ya nini.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfanya Ilunga akae chini. Fundi aliyefukuzwa anatafuta atelier nyingine. Lakini fundi aliyefukuzwa kwa shaba, nani atamfungulia mlango? Katika mji huu?

Mimi nilikuwa nashuku nini? Kila kitu. Nilimshuku mlinzi wa Mama Godelive, kwa sababu mlinzi asiyelala mchana anatafuta jambo. Nilimshuku shemeji wa duka la dawa, maana anayepiga kelele sana anaficha hesabu. Nilishuku mashini, kimya chake kilikuwa hakijanipendeza tangu siku ya kwanza. Na Ilunga nilimshuku pia, sawasawa na wengine. Alisema Alhamisi huenda Kasungami kulima shamba la mahindi la mke wake. Viatu vyake vya Ijumaa vilikuwa na udongo, kweli. Lakini nyumba yake ilikuwa na mabati mapya, nayo mabati hayaoti kwenye mahindi. Nilipapasa sakoshi yake mara mbili kila jioni, na sikukuta kitu. Mtu ambaye kila siku hukuti kitu kwake ni mwema au ni fundi kweli kweli. Ilunga alikuwa fundi.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Nilijua kwamba wiki zile zamu ya rozari ilikuwa imehamia kwa Mama Godelive, na kila Alhamisi mchana wamama wa parokia walikutana kwake kusali. Mimi niko katika shirika lile lile, katika parokia ya kwetu Katuba, na hakuna anayemfukuza mwanachama mlangoni. Nilivaa kitenge cha shirika, nikafunga kitambaa cha kichwa, nikasema kazini naumwa mgongo, nikaenda Bel-Air. Mama Godelive hakunijua, alikuwa ananisikia tu kwa simu. Mpango wangu ulikuwa mmoja: nikae karibu na dirisha, nitazame kabati, nione ni nani anakuja. Akiwa Ilunga, ningemkamata mkono mbele ya Bikira Maria na wamama kumi na wawili.

Mlinzi alinitazama juu mpaka chini.

— Mama, unatoka wapi?

— Kwa Mungu, na niko naenda kwa Mungu. Fungua.

Nikaingia sebuleni. Sebule ilikuwa imevaa. Mnajua sebule ya mama anayejiheshimu inavyovaa ikingoja wageni: viti vina vitambaa vya crochet mgongoni na mikononi, televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata simu ya zamani isiyolia ina kitambaa. Vyote vyeupe, vimetiwa wanga na kupigwa pasi mpaka vinasimama vyenyewe. Nikatafuta mashini yetu juu ya kabati. Sikuiona. Nikasema moyoni Ilunga ameondoka nayo nzima. Halafu nikaona kitambaa kikubwa kuliko vyote, kizito, kimekunjwa mara mbili, kikianguka pande zote kama vazi la komunyo. Juu yake kulikuwa na sanamu ya Bikira Maria, na kando ya sanamu chombo cha maua ya plastiki. Chini ya vyote, kwenye ukingo, kitaa kimoja kidogo cha kijani kilikuwa kinachungulia kama jicho la mgonjwa.

Nikainuka kana kwamba naenda kumbusu Bikira. Nikaweka kiganja chini ya kitambaa. Toba! Pasi ya makaa.

Lakini umwambie nani katikati ya rozari? Walikuwa wamekwisha kuanza. Alhamisi tunasali matendo ya mwanga, nanyi mkitaka kucheka mcheke. Nikasali mdomo ukienda, macho kwenye kitaa. Tendo la kwanza, kinawaka. La pili, kinawaka. Wamama wanaimba, joto la watu kumi na wawili na la nje vinajaa chumba. Katikati ya tendo la tatu kitaa kikazima, kimya kabisa, na hakuna aliyegeuza kichwa. Lango la parcelle lilikuwa limeanguka na wapangaji wote watatu wako nje. Nikasema Salamu Maria ile kwa sauti kubwa kuliko zote, jirani yangu akanitazama kama nimepandwa na Roho.

Wengine walipoondoka nilibaki, nikajitambulisha. Mama Godelive alikunja uso.

— Weye njo Mama Vero wa simu? Juu ya nini ulikuya kama mwizi?

— Nilikuya kukamata mwizi. Mama, nani anavalisha ile mashini?

— Ni miye. Nani mwingine? Unataka bageni baone chuma uchi mu salon yangu?

— Na Ilunga akikuya asubui, anaikuta nayo?

— Yee! Bafundi na mikono yao ya mafuta? Kitambaa ya mama mukwe wangu? Ninaitosha mbele aingie. Nakunja, naweka mu kabati. Bikira naye namutosha, asione bantu na batournevis.

— Na siku zingine?

— Siku zingine ni batoto ba masomo. Batoto bana haja gani na uzuri?

Nilikuwa nimeleta shuku za kutosha mtaa mzima, na hapakuwa na pa kuzitua. Mama Godelive hakufanya kosa. Televisheni yake ilikuwa imevaa miaka yote hiyo na haikufa. Ilunga alimkataza maji na watoto, kitambaa hakukitaja, kwa kuwa nani anakiona kitambaa? Redio ya atelier yetu ilikuwa nacho, mimi mwenyewe nilikifua kila mwezi, na hakuna hata mmoja wetu, pamoja na vipimo na maneno yote, aliyekifikiria. Kitu ambacho kila nyumba inacho hakina sura.

Nikamwekea mkono wake mwenyewe juu ya mfuniko.

— Mama, hii inapumua kwa mugongo. Ukiivika, inazimia.

Akaondoa mkono haraka. Akatazama sanamu, akatazama mashini.

— Sasa nayo ikae uchi? Mbele ya bamama bote?

Nilijua kwamba nikisema ndiyo nimepoteza, atakubali kwa mdomo na Alhamisi ataivika tena. Hakuna mama wa Lubumbashi atakayeacha kitu kimoja uchi katika sebule iliyovaa, hata mimi siwezi. Basi nikakichukua kitambaa, nikakunjua, nikakitandika juu ya kabati. Nikaweka mashini juu yake, kile cheupe kikitokeza pande zote kama sahani yenye taraza. Bikira nikampa nafasi juu ya televisheni. Mama Godelive akarudi nyuma mpaka mlangoni, akainamisha kichwa.

— Bikira alikuwa muzuri pale kwanza, akasema.

— Pale kwanza alikuwa anaungua miguu.

Akacheka kwa mara ya kwanza. Tukaiwasha, tukakaa tunakunywa chai, kitaa kikawaka mpaka nilipoaga.

Ijumaa asubuhi mwenye duka la dawa alikuwa amekwisha kupiga simu kwamba mashini ilizima tena, na Papa Donatien alikuwa amemwita Ilunga mbele ya wote. Sikumngoja amalize. Nikasema yote, kitambaa, wanga, Bikira, tendo la tatu. Wengine walicheka mpaka wakashika meza. Papa Donatien hakucheka. Aliinuka akaenda kwenye redio yetu, akakitoa kitambaa chake, akakishika mkononi muda mrefu kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

— Na weye, Mama Vero, ulienda kule kufanya nini? akauliza.

Ningeweza kusema nilienda kumwokoa Ilunga. Wengine wenu ndivyo mnavyosimulia, na ndicho kipande cha uongo nilichokitaja mwanzoni.

— Kumukamata Ilunga, nikasema.

Ilunga akanitazama. Hakukasirika, au hakuonyesha. Jioni alikuja mlangoni, akaweka sakoshi yake mezani kwangu na kuimimina yote: kopo la bukari, ugali wake wa mchana, shati, mbegu za mahindi kwenye kitambaa, peni. Akageuza mifuko ya ndani nje. Sikumwomba msamaha, mlango ni mlango. Nikapapasa mara ya kwanza, nikapapasa mara ya pili, nikamwambia pita. Tangu jioni ile mpaka nilipoondoka aliimimina hivyo hivyo, hata alipokuwa mkubwa wa atelier, baada ya Papa Donatien kuacha kazi kwa ajili ya macho yake. Mabati, kama bado mnajiuliza, yalitoka kwenye mahindi kweli. Nilikwenda Kasungami nikaliona shamba. Nilihesabu hata mistari.

Kwa hiyo kila mashini inayotoka kwenu leo inatoka na kitambaa chake cha crochet, kimebandikwa chini yake kwa nguvu. Wapya wakiuliza ni cha nini, msiwaambie ni cha urembo. Waambieni ni ili nyumba isione haja ya kuivika juu. Na bado, mkimfungia mtu mashini, rudini siku ambayo hakuwatazamia, mkiwa mmevaa vizuri.

Siku yangu ya mwisho walininunulia keki, wakasema maneno. Jioni nikachukua sakoshi yangu, nikasimama mlangoni upande ule ambao sikuwahi kusimama. Kwenye kiti changu alikuwa amekaa Ilunga mwenyewe.

— Pita, Mama Vero, akasema. Nenda muzuri.

Nikabaki nimesimama.

— Fungua.

— Mama, weye tena...

— Ukiniacha miye leo, kesho utaacha nani?

Akavuta sakoshi kwa aibu. Akatoa kipande cha keki cha wajukuu, kitenge, miwani. Nilidhani ataishia hapo. Lakini mkono ukashuka mpaka chini kabisa, ukasimama, ukatoka na tournevis ya mshiko mwekundu. Mmoja akaweka keki yake chini.

— Mama, hii iko ya nani?

— Ya atelier.

— Inafanya nini mu sakoshi yako?

— Inakungojea.

Akainuka, akaitundika kwenye msumari wake ukutani, akarudi akakaa. Kisha akaingiza mkono tena ndani ya sakoshi yangu, mpaka chini, akapapasa kona moja, akapapasa nyingine. Ndipo nikaenda nyumbani.